Paka mmoja, nyumba nne: nani ampeleke kwa daktari, na majirani wakubaliane vipi?

Mkazi wa Ngamiani (muuliza swali)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaishi Ngamiani, mjini Tanga, katika safu ya nyumba za Kiswahili ambazo kuta zake zinagusana na milango yake ya uani hushinda wazi hadi magharibi. Mtaani kwetu yupo paka dume mkubwa, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya machungwa, ambaye hakuna anayedai kuwa ni wake, ingawa sijapata kumwona akikosa chakula. Alfajiri hukaa chini ya benchi la mzee muuza kahawa. Adhuhuri huingia kwetu kupitia uani, wakati samaki wanaparuliwa. Jioni huhamia kwa mama mkaanga samaki aliye ng'ambo ya barabara. Na usiku hulala kwenye dirisha la walimu wawili waliopanga nyumba ya kona. Kila nyumba imempa jina lake, na yeye huyaitikia yote.

Kwa muda mrefu utaratibu huu haukumsumbua mtu. Sasa yamejitokeza mambo ambayo yametufanya tuanze kutazamana, na sipendi yafike mahali pa majirani kununiana kwa ajili ya mnyama ambaye sote tunampenda. Kwanza, juzi amerudi kutoka kwenye mapigano na paka shume wa mtaa wa pili akiwa na shavu lililovimba, na kila nyumba inaamini kwamba nyumba nyingine imekwisha kumshughulikia. Pili, katika mazungumzo ya barazani iligundulika kwamba mama mkaanga samaki na wale walimu walikuwa wamempa dawa ya minyoo ndani ya wiki moja, pasipo mmoja kujua habari za mwenzake, na kijana mmoja wa mtaani alikuwa amejitolea kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua viroboto. Tatu, mmoja wa walimu ni mjamzito, na mama mkwe wake anashikilia kwamba paka atiwe kwenye kiroba akatupwe sokoni, mbali na nyumba.

Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi. Je, mnyama wa namna hii ni wajibu wa nani, na je, inawezekana nyumba kadhaa zikamtunza kwa pamoja pasipo kumdhuru? Wapo pia wanaopendekeza ahasiwe, na wazee wawili wamesema kwamba dini hairuhusu. Ningependa kujua ukweli wa jambo hilo na la ujauzito pia.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Ndugu mkazi wa Ngamiani, nianze na kile kisichoweza kusubiri. Shavu lililovimba baada ya mapigano ya paka mara nyingi ni jipu. Jino la paka ni jembamba na refu. Linapenya ngozi, linaacha vijidudu ndani, kisha tundu linajifunga juu huku usaha ukikusanyika chini. Msilitumbue nyumbani wala kulipaka majivu au dizeli. Linahitaji kufunguliwa na kusafishwa na mtu mwenye ujuzi, na mara nyingi paka hupewa dawa ya kuua bakteria. Yeyote anayeweza kumkamata ampeleke leo au kesho, na suala la wajibu lijadiliwe baadaye.

Hilo la dawa ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu ninaona paka wengi wanaokufa kutokana na huruma ya watu. Kijana mwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe azuiwe kabisa. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zina viambata vya jamii ya sipamethrini au amitrazi, ambavyo ng'ombe huvistahimili lakini paka huviona kuwa sumu, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuvunja kemikali za aina hizo kama linavyofanya ini la wanyama wengine. Paka aliyepakwa dawa hiyo, au hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini, huanza kutetemeka, kutokwa na mate na kudegedega, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Zaidi ya hayo, paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo chochote kilichopakwa manyoya ni sawa na kilichonyweshwa. Ikiwa amekwisha kupakwa, mwosheni mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha mwahisheni kwa daktari.

Kuhusu minyoo, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, zile zenye prazikwanteli na pirantel, hazitamdhuru sana paka mzima mwenye afya hata zikirudiwa ndani ya wiki moja. Hofu yangu ni pale ambapo nyumba moja imetumia dawa ya mbuzi. Levamisoli, ambayo ni ya kawaida katika maduka ya dawa za mifugo, ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru paka, na mkono wa mtu anayekadiria kwa jicho hauwezi kuiona nafasi hiyo. Waulizeni walimu na mama mkaanga samaki wawaonyeshe makasha ya dawa walizotumia.

Naomba pia mtu yeyote asije akamwonea huruma kwa sababu ya lile jipu akampa parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Damu yake hupoteza uwezo wa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso na nyayo zinavimba, na kwa kawaida watu huja kwangu wakati huo, wakiwa na hakika kwamba amepewa sumu na jirani.

Tena, ikiwa kuna nyumba inayotega sumu ya panya, izungumzwe waziwazi. Paka wenu si lazima ale chambo; akila panya aliyelegea kwa sumu ya kuzuia damu kuganda, naye anaweza kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani baada ya siku kadhaa. Vitamini K humwokoa akiwahiwa, lakini daktari hawezi kuwahi jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Ninachotaka mwelewe ni kwamba kula nyumba nne hakumdhuru paka kama nyumba nne zisizoambiana. Nunueni kadi moja ya chanjo, iandikwe "paka dume, mweupe, mabaka ya machungwa, Ngamiani", na ikae mahali pamoja panapofikika na wote, labda kwa huyo mzee muuza kahawa ambaye anaonekana kila siku. Dawa yoyote isitolewe kabla ya kadi kutazamwa, na ikishatolewa iandikwe jina lake, kiasi chake na tarehe.

Jambo la kwanza kuandikwa katika kadi hiyo liwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa linawapumbaza watu, lakini paka huupata na huuambukiza. Dume anayezunguka na kupigana, kisha akashikwa na watoto wa nyumba nne, ndiye paka ambaye ningemchanja kabla ya mwingine yeyote. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Halmashauri nyingi huendesha chanjo ya mbwa na paka karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi huwa ni bure, kwa hiyo ulizeni ofisi ya mifugo ya jiji. Akimng'ata au kumparua mtu kabla ya kuchanjwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, maana dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea.

Mzee wa Mji Mkongwe

Mwanangu, amani iwe juu yako na majirani zako. Nimesoma swali lako kwa makini kwa sababu huku Unguja paka wa vichochoroni ni wengi, na mjadala huu nimeusikia tangu ujana wangu.

Katika dini yetu paka ana nafasi ambayo watu wanaoijua hawawezi kumtia kwenye kiroba. Imepokewa katika vitabu vya hadithi, yaani katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Kabsha binti Kaab alimmiminia baba mkwe wake, Abu Qatada, maji ya kutawadhia. Akaja paka akitaka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona mkwewe anashangaa, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaowazungukieni. Tazama maneno hayo yanavyomhusu huyo paka wenu. Kuzunguka nyumba za watu si tabia mbaya aliyojifunza Ngamiani. Ndiyo sifa aliyotajwa nayo, na hukumu ya wepesi ikajengwa juu yake, kwani mtu hawezi kumwepuka mnyama anayeingia na kutoka nyumbani kila saa. Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Wanaotaka kumtupa mahali asipopajua waitafakari hadithi hiyo.

Kuhusu kuhasi, wazee wako hawakusema jambo lisilo na asili. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, wamekaza katika kuhasi mnyama asiyeliwa. Wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu pale penye manfaa au penye madhara ya kuondolewa, na wapo wanazuoni wa zama hizi walioifuata rai hiyo kwa paka wanaozidi mitaani, kwa sharti kwamba mnyama asiteswe. Kwa hiyo ni suala lenye hitilafu, na halifai kuwa sababu ya majirani kuhukumiana. Mwendeeni sheikh wa msikiti wenu mkiwa pamoja, mmweleze hali ya paka huyu kwa ukamilifu, yaani mapigano, majeraha na hofu ya maradhi, kisha mtulie juu ya atakalowaambia. Lakini kumtibu, kumlisha na kumchanja hakuna aliyekupingeni.

Mkunga mstaafu, Dodoma

Naomba nimjibu mama mkwe kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina chanzo cha kweli, ingawa hitimisho lake si sahihi. Ugonjwa anaousikia unasababishwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma, na ni kweli kwamba mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika macho na ubongo, na mimba yenyewe inaweza kuharibika. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Hata hivyo, njia ya maambukizi si kumwona paka dirishani wala kumshika mgongo. Kijidudu hutoka katika kinyesi cha paka, kwa kawaida kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya paka mwenyewe kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na mara nyingi hilo hutokea angali mdogo. Kinyesi kikishatoka, vijidudu huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kinyesi kilichozolewa siku ileile hakijafikia hatua ya hatari, ilhali kilichosahaulika kwenye mchanga wa ujenzi au kwenye tuta la mchicha kinaweza kuambukiza kwa miezi mingi, hata kama paka mwenyewe amekwisha kutupwa sokoni. Wanawake wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva vizuri, kwa mboga na kachumbari zisizooshwa, na kwa mikono yenye udongo.

Mwalimu huyo asizoe kinyesi cha paka. Mwenzake afanye kazi hiyo kila siku. Kama kuna lundo la mchanga mtaani, lifunikwe turubai. Bustani ailime kwa glavu, mchicha auoshe kwa maji mengi, na mishikaki aiache mpaka iwe imeiva hadi ndani. Akienda kliniki amwambie mhudumu kwamba paka analala dirishani kwake, ili waamue kama kuna haja ya kupima damu. Nimewahudumia akina mama wengi waliokuwa na paka nyumbani, na ushauri wangu kwao umekuwa huu huu.

Msomaji kutoka Kizingo, Mombasa

Ninaheshimu yaliyoandikwa, lakini natofautiana na daktari katika jambo moja. Kadi inayokaa kwa mzee wa kahawa ni njema, ila kadi haimkamati paka wala hailipi gharama. Nimekaa katika majengo ya ghorofa ambamo paka mmoja alilishwa na familia tano, na siku alipovunjika mguu, familia zote tano zilimhurumia kutoka roshani zao hadi usiku ukaingia. Mnyama anahitaji mtu mmoja ambaye, likitokea jambo, hana ruhusa ya kudhani kwamba mwingine ameshughulika. Wengine wachange, wamlishe, wampende. Lakini jina moja liandikwe juu ya kadi kuwa ndiye mwenye dhamana, na kila mtu mtaani alijue.

Tena msidhani kwamba nyumba ni nne tu. Paka wa aina hii mara nyingi ana nyumba ambazo hamzijui. Sisi tulimfunga shingoni ukanda mwembamba wa karatasi wenye maneno machache: "Ninatibiwa. Ukinipa chakula au dawa, tafadhali mjulishe mwenye nambari hii." Uwe ukanda wa karatasi unaochanika kwa urahisi, kamwe usiwe kamba, kwa sababu paka hunasa kwenye misumari na matawi na anaweza kujinyonga. Karatasi ikapotea siku chache baadaye, lakini majibu yalikuwa yamefika, na moja lilitoka kwa mlinzi wa jengo la tatu aliyekuwa akimpa maziwa kila usiku. Hapo ndipo tulipojua sababu ya kuhara kwake, maana paka wengi wakishakua hawawezi kuyeyusha sukari iliyomo katika maziwa.

Mkazi wa Ngamiani (muuliza swali)

Nawashukuru nyote. Shikamoo mzee wa Mji Mkongwe. Nimesoma maneno yako barazani kwa sauti, na mama mkwe wa mwalimu ameomba arudiwe kusomewa ile hadithi ya Abu Qatada. Habari ya kiroba imekwisha. Maelezo ya mkunga nimeyanakili, na tumekubaliana kufunika mchanga uliorundikwa kando ya nyumba ya kona.

Jipu limefunguliwa jana na limetoa usaha mwingi. Makasha ya dawa ya minyoo tumeyaona, na yote mawili ni ya paka. Mama mkaanga samaki amekubali kuwa mwenye dhamana, kwa kuwa ndiye ambaye paka humwacha amshike bila kumparua, na sisi wengine tutachanga. Chanjo imepangwa baada ya jeraha kupona. Tulikwenda pia kwa sheikh kuhusu kumhasi, naye baada ya kutusikiliza amesema kwamba hana kizuizi maadamu kazi itafanywa na daktari na kwa dawa ya usingizi. Sasa ninaomba daktari atuelekeze namna ya kumwandaa, kwa sababu kila mmoja wetu ana hofu na siku hiyo.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Nimefurahi sana kusikia hivyo, na ndugu wa Kizingo amenisahihisha ipasavyo: mwenye dhamana mmoja anahitajika.

Kuhasi dume ni kazi fupi, na jeraha lake ni dogo kuliko la jike. Baada ya wiki kadhaa, homoni zikishapungua mwilini, mtaona anapunguza kutangatanga, kupigana na kunyunyizia mikojo kwenye kuta. Kupungua kwa mapigano ni faida kubwa, kwa sababu pamoja na majipu, kung'atana ndiyo njia kuu ambayo madume huambukizana virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo havimpati binadamu. Anaweza kuongezeka uzito, kwa hiyo nyumba nne zipunguze kidogo kila moja. Dagaa na mabaki ya samaki yaliyochemshwa yanamfaa kuliko ugali mtupu. Mchuzi wenye vitunguu msimpe, maana kitunguu huharibu damu yake, wala miiba na mifupa iliyopikwa.

Hatari iliyo mbele yenu ni ile ambayo mwenye paka wa ndani haijui. Paka anayepewa dawa ya usingizi anatakiwa awe hajala kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu akitapika akiwa amelala, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kwa paka wenu hilo halitawezekana kama nyumba moja itampokonya sahani huku nyingine tatu zikimwekea. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo afungiwe ndani kwa mwenye dhamana, katika chumba chenye maji ya kunywa na beseni la mchanga, na apelekwe akiwa ndani ya tenga lenye mfuniko lililofungwa vizuri. Mzee wa kahawa aambiwe mapema, kwa maana yeye ndiye anayeamka wa kwanza na paka akitoroka atakimbilia kwake.

Akirudi atakuwa anayumba. Asiachwe kupanda ukuta wala kutoka nje hadi alevuke kabisa na kurudiwa na akili zake, na kwa siku chache zinazofuata akae ndani, akitazamwa kidonda kama kinavimba au kinatoa maji. Wale watakaokosa kumwona wamwendee huko aliko, ila waje bila chakula mpaka mwenye dhamana aseme amekwisha kula kwa siku hiyo. Na mkiwa mmemshika mezani kwa daktari, mwulizeni kama anaweza kukata ncha ndogo ya sikio la kushoto wakati amelala. Ni alama inayotumika katika nchi nyingi kumtambulisha paka wa mtaani aliyekwisha kuhasiwa, ili nyumba ya tano, ambayo huenda hamjaijua bado, isije ikampeleka kufanyiwa kazi hiyo tena.